Usiku wa Ijumaa Mama alilala vizuri, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi

Kila nilipokaa kuandika haya hasira ilinipanda nikafuta, kwa hiyo nisamehewe kama hata sasa sauti itapanda mahali fulani. Mama yangu alipatwa na kiharusi mwaka jana, upande wa kulia ukalegea na maneno yakawa yanatoka moja moja. Yeye anaishi Nkuhungu, Dodoma, nami kazi yangu iko Dar es Salaam, nikaona ni heri nilipe kampuni inayojitangaza kuratibu huduma za wazee na watu wenye ulemavu majumbani. Wao wanaleta binti wa kukaa na mgonjwa, na juu yake wanamweka mratibu wa kufuatilia kliniki, dawa na vifaa, kisha kuipa familia taarifa. Gharama yao si ndogo, na sehemu kubwa ya gharama hiyo ni ya huyo mratibu.

Kila Alhamisi mratibu alinitumia kwa WhatsApp picha ya ukurasa wa daftari, nami niliisoma kama barua kutoka nyumbani: amegeuzwa saa nne, amegeuzwa saa sita, amekunywa uji wote, presha 130/80. Kwa miezi kadhaa nililala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu wake.

Halafu siku moja nikapanda treni ya jioni bila kumwambia mtu, nikalala kwa ndugu yangu, na asubuhi yake, Alhamisi kwenye saa tatu, nikaingia nyumbani. Mama alikuwa ameketi, mito miwili mgongoni, akilishwa uji mzito kwa kijiko kidogo. Nilifurahi. Nikachukua daftari lililokuwa juu ya stuli, nikasoma kwamba saa kumi jioni ya siku ile ile Mama alikuwa ameshageuzwa upande wa kushoto. Nikafunua ukurasa. Usiku wa Ijumaa, usiku ambao haujafika, Mama alikuwa amelala vizuri, na presha yake ilikuwa 130/80.

Nilimgeukia yule binti kwa maneno ambayo leo yananiaibisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanijibu kwa upole kwamba mratibu hupita Alhamisi asubuhi kupiga picha, na ukurasa wenye nafasi wazi haupokei, hivyo wiki yote lazima iwe imejaa kabla hajafika. Nikamuuliza kuhusu presha. Akafungua droo akanionyesha kipimo: betri ziliisha, alikwisha kumwambia mratibu, akajibiwa aandike ile ya mwisho mpaka zitakapoletwa. Wiki kadhaa zilikuwa zimepita. Duka la kuuza betri liko ng'ambo ya barabara, unaliona ukiwa mlangoni. Nilivuka, nikanunua nne, nikapima mwenyewe. 168 juu ya 96. Nikasubiri dakika chache, nikapima tena, tofauti haikuwa ya maana. Mtu aliyekwisha kupata kiharusi mara moja! Na namba zile za kubuni ndizo zilizopelekwa kliniki mwezi uliotangulia, daktari akaziamini, akaacha dawa kama zilivyo.

Nilikwenda ofisini kwao mchana huo. Mratibu hakuniambia hata karibu. Nilipoweka daftari mezani alilitazama, akalisukuma kwangu kwa ncha ya kalamu, akasema, "Kaka, mgonjwa ana vidonda? Hana. Sasa unalalamika nini?"

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba nilikosa jibu. Ni kweli Mama hana kidonda hata kimoja, na mtu anayelala muda mrefu bila kugeuzwa huoza mgongo na nyonga haraka mno. Nilirudi nikakaa chumbani hadi jioni kama askari, nikitazama saa, na binti alimgeuza kila baada ya saa mbili bila kukumbushwa, akimwamkia kila mara kwa "Mbukwa, Bibi," naye Mama, ambaye kwangu husema neno moja na kuchoka, akamjibu kwa Kigogo na kucheka. Ugali wa uwele alimlainishia kwa mlenda ili upite kooni. Daftari lilikuwa la uongo na huduma ilikuwa ya kweli, nami nilikuwa nimemfokea mtu asiyestahili.

Kwa hiyo ukiniuliza kama nawapendekezea kampuni hii, nitakwambia hapana, usiwape hata senti, kwa sababu kazi yote ya uratibu ilikuwa betri nne na ikawashinda. Hospitali nilimpeleka mwenyewe, dirisha la wazee likatuhudumia bila usumbufu, dawa zikabadilishwa. Mratibu hakupiga simu. Lakini ndio walionipatia binti huyu, na sijui ningempata wapi. Nimefikiri kumwajiri moja kwa moja, ila mkataba unamkataza kwa faini ambayo mshahara wake hauwezi kuibeba. Nilimweleza Mama kwamba nataka kuvunja kabisa mkataba na kampuni hii. Alihangaika na neno kwa muda, kisha akasema, "Huyu... abaki."

Nimelipa tena mwezi huu, kwa kinyongo. Siku hizi binti hunipigia saa mbili usiku akanisomea presha, nami naiandika kwenye daftari langu. Nilimwomba pia asijaze siku ambayo haijafika. Juzi mratibu alinitafuta kwa simu, mara ya kwanza tangu tuanze naye, kulalamika kwamba binti ameanza uzembe na anaacha nafasi wazi.