Miezi 11 na kiti cha mtoto ndani ya Sienta, hapa Mwanza: uzoefu wangu

Kila nikipaki Kirumba au pale mjini karibu na soko, hakosi mama wa kuinama kwenye kioo, akakitazama kiti cha mwanangu, akauliza nimekinunua wapi na kama kweli kina kazi. Huwa nina haraka, namjibu nusu nusu. Leo nimekaa nijibu vizuri, na humo humo nitasema la ufunguo wa gari na la simu ya dharura, kwa sababu hayo mawili nayo yamenifundisha mambo.

Gari ni Toyota Sienta ya 2015, limetoka Japani likiwa limetumika, viti 7, milango ya nyuma ya kuteleza. Mtoto ana mwaka 1 na mwezi 1. Ameanza kukaa kwenye kiti hiki akiwa na miezi 2, na tangu hapo hajapakatwa ndani ya gari letu hata siku moja, hata kama safari ni ya kutoka Isamilo kwenda Bugando kliniki.

Kiti hiki ni cha pili. Cha kwanza nilinunua cha mtumba, kizuri kwa macho, kitambaa safi, bei nafuu. Nilipovua kitambaa nikifue nikakuta plastiki chini imepasuka kuanzia pale mkanda unapopita mpaka ubavuni. Lebo ilikuwa imebanduliwa. Kiti kilichowahi kuwa kwenye ajali hakifai tena hata kikionekana kizima, na kile hata uzima hakikuwa nao. Nilikata mikanda yake yote kwa kisu kabla ya kukitupa, ili mtu asije akakiokota dampo akamwekea mwanawe. Sipingi mtumba kabisa, ila ukikiona, vua kitambaa hapo hapo dukani mbele ya muuzaji. Akikataa, acha.

Cha pili nilinunua kipya, shilingi 420,000, kikasafirishwa kwa basi kutoka Dar, nikakichukua stendi ya Nyegezi. Kitu cha kwanza nilichotafuta ni lebo ya rangi ya chungwa: ina herufi E ndani ya duara, namba ya nchi iliyokiidhinisha, maandishi ECE R44/04 (kiwango cha usalama wa viti vya watoto), na uzito wa mtoto. Changu ni cha tangu kuzaliwa hadi kilo 18. Viko pia vya kiwango kipya zaidi, R129, ambavyo hupimwa kwa urefu wa mtoto badala ya uzito, navyo vinataka mtoto atazame nyuma mpaka azidi miezi 15. Changu hakinilazimishi hivyo, lakini mimi nimeufuata utaratibu huo na nitaendelea nao hata baada ya miezi 15. Mtoto mdogo kichwa chake ni kizito kuliko shingo inavyoweza kukibeba. Akitazama nyuma, gari likisimama ghafla mgongo wote unapokea ule msukumo. Akitazama mbele, mwili unazuiwa na mikanda, kichwa kinakwenda peke yake.

Kukifunga ndiko kulikonipa kazi. Kwenye safu ya pili ya Sienta yangu, ukiingiza vidole pale mgongo wa kiti unapokutana na makalio yake, utagusa vyuma viwili vyembamba. Ndiyo ISOFIX. Mikono miwili ya kiti cha mtoto inasukumwa humo mpaka ilie "ta!" pande zote mbili, na vialama vigeuke kutoka vyekundu kuwa vya kijani. Usitosheke na mlio mmoja. Kiti changu kina pia mkanda wa tatu, unapita juu ya mgongo na kunasa kwenye chuma nyuma ya kiti cha gari. Watu wengi wanauacha unaning'inia kwa sababu hawaujui kazi yake. Bila huo, kiti kinashikwa chini tu na juu kinaweza kupinduka kwenda mbele.

Gari la dada yangu ni la zamani, halina vile vyuma. Kiti chake tulikifunga kwa mkanda wa kawaida wa gari, na kinakaa imara, mradi uweke goti ndani ya kiti, uegemee kwa uzito wako wote, ndipo uvute mkanda. Ukikitikisa pale mkanda unapopita kisisogee zaidi ya sentimita 2 na nusu hivi. Kama kinacheza kama kigoda kwenye mawe, anza upya.

Sasa kuna jambo ambalo maelezo ya kiti hayakuniambia, nimelijua kwa kuishi Mwanza. Kiti changu kina kialama cha kupimia mlalo, kuhakikisha mtoto hajakaa wima sana kiasi cha kichwa kuanguka kifuani akilala, maana mtoto mchanga anaweza kubanwa pumzi hivyo. Sisi nyumbani tunapaki mlimani, mawe juu mawe chini. Nilikifunga pale, kialama kikaonyesha sawa, na tulipofika chini barabara ya Makongoro nikaona kichwa cha mtoto kimelala mbele. Kialama kilikuwa kinapima mteremko wa Isamilo! Tangu siku hiyo nikikifunga upya nateremka hadi sehemu tambarare kwanza.

Jingine ni jua. Gari likikaa nusu saa kwenye uwazi, klipu za chuma zinachoma, na mtoto hawezi kukueleza kinachomuuma zaidi ya kulia. Nafunika kiti kizima kwa kitenge nikishuka, na kabla ya kumfunga nashika klipu kwa kiganja changu mwenyewe. Kuhusu mikanda yake ya mabegani, jaribu kuifinya kwa vidole viwili: ukipata mkunjo, imelegea.

Nisifiche ubaya wake. Kiti kikitazama nyuma kinakula nafasi. Mume wangu ni mrefu, na akikaa mbele ya mtoto magoti yanagusa dashibodi, kwa hiyo tumekihamishia nyuma ya dereva, maana dereva mara nyingi ni mimi. Kwenye safu ya pili watu wazima wawili hawakai tena kwa raha. Na miezi ya kwanza mtoto alilia. Wiki mbili nzima alilia kila tulipofika Mabatini, na nilikuwa nasimama pembeni, nambembeleza, nampa ziwa, namrudisha kitini. Sikumtoa gari likiwa linatembea. Wiki ya tatu akazoea.

Mama mkwe wangu anaishi Sengerema. Tulipokwenda mara ya kwanza na kiti hiki alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mkamwana, huyu mtoto umemfunga kama mbuzi wa mnadani. Nipe nimpakate."

"Mama, samahani, barabarani nakuomba akae hapa. Tukifika ni wako siku nzima."

Alikubali kwa shingo upande. Sikumlaumu, kwa sababu yeye amelea watoto 7 kwa mikono hiyo hiyo na mikono hiyo haijawahi kumwangusha mtoto. Lakini hesabu ya gari ni nyingine. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 anavuta mikono yako kama mzigo wa kilo 200 hivi. Ni magunia mawili ya mchele. Hakuna mama, hata awe na upendo gani, anayeyashika.

Siku ya kurudi tulikuja naye mjini. Kati ya Sengerema na Busisi, kabla hatujafika daraja, ng'ombe waliingia barabarani kutoka kichakani, sita au saba, mchungaji bado yuko nyuma yao. Nilikanyaga breki kwa nguvu zote. Chupa ya chai iliyokuwa kwenye kiti cha mbele ilirushwa ikagonga dashibodi na kupasuka. Mama alizuiwa na mkanda wake, ukamwachia alama begani. Mtoto alikuwa usingizini. Alifumbua macho, akatuangalia, akayafumba tena.

Mama hakusema kitu mpaka tulipokuwa katikati ya daraja la Kigongo–Busisi, na lile ni la kilomita 3, kwa hiyo ni kimya kirefu. Tuliposimama Usagara kununua maji nilimwona ameingiza kidole chini ya mkanda wa mtoto, anapima kama umelegea. Chupa ya chai tangu siku ile inakaa buti, pamoja na kila kitu kizito.

Kiti cha mbele sijawahi kumweka mtoto, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Shusha kile kinga-jua cha abiria, utaona picha ya mtoto imekatwa kwa mstari mwekundu. Mfuko wa hewa (airbag) hufunguka kwa kishindo kikubwa kuliko unavyodhani, na kiti kinachotazama nyuma kitakuwa kimeupa mgongo karibu kabisa. Mfuko uliotengenezwa kumwokoa mtu mzima unaweza kumuua mtoto. Gari langu halina swichi ya kuuzima, na magari mengi yanayotoka Japani hayana.

Kama unanunua gari lililotumika, angalia pia taa ya mfuko wa hewa, ile ya mtu aliyekaa na duara mbele yake. Ukiwasha gari lazima iwake sekunde chache halafu izime. Isipozima kuna hitilafu. Isipowaka kabisa ni mbaya zaidi, huenda mtu ameing'oa ili usione. Na magari ya miaka ya 2000 hadi 2015 hivi, ya kampuni nyingi, yalifungwa mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Japani, ambayo iliitwa irudishwe dunia nzima, kwa sababu baruti yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na ikilipuka hurusha vipande vya chuma. Sisi wa kando ya ziwa, joto na unyevu tunavyo mwaka mzima. Chukua namba ya chesisi, itafute kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari lako, uone kama kazi hiyo ilifanyika. Nilimtafutia shemeji yangu la kwake, ikatuchukua dakika kumi tu.

Gari hilo la shemeji lina kitufe cha SOS, cha kuita msaada wa dharura, juu karibu na taa ya ndani, na alikuwa akijivunia sana. Tulikijaribu tukiwa tumepaki. Hakuna kilichotokea. Kitufe hicho hupiga kwa laini ya simu iliyomo ndani ya gari, kwenda kituo cha huduma cha Japani, kwa mteja aliyejisajili huko. Ulaya nako tangu 31 Machi 2018 aina mpya za magari zinatakiwa kupiga 112, namba ya dharura ya huko, zenyewe zikipata ajali na kutuma mahali zilipo. Gari likishafika Mwanza, kitufe ni pambo. Shemeji aliumia roho kidogo, lakini afadhali alijua akiwa kwenye uwanja wa nyumbani kuliko kujua mtaroni usiku.

Kwa hiyo SOS yetu ni simu ya mkononi. 112 ni Polisi na 114 ni Zimamoto na Uokoaji, hazihitaji salio, na 112 inapigika hata simu ikiwa imefungwa kwa namba ya siri. Simu nyingi za sasa ukibonyeza kitufe cha kuwashia mara 5 haraka zinafungua sehemu ya dharura. Fanya mazoezi ya kuingia huko, ila usipige bure. Swali la kwanza utakaloulizwa ni uko wapi, na hofu inasahaulisha. Mimi safarini huwa nasema kwa sauti majina ya vituo tunavyopita, mwanangu mkubwa ananicheka, lakini ana miaka 6 na sasa anavijua vyote mpaka Sengerema. Ubavuni mwa kiti cha mtoto nimebandika kadi yenye jina lake, mwaka aliozaliwa, namba ya baba yake na ya bibi, na kwamba karanga zinamdhuru. Mimi nikizimia, kadi itasema.

Ufunguo wa gari, ule wa betri usiochomekwa popote, uliniaibisha Kamanga. Tulivuka kwa kivuko, gari limezimwa, na tulipofika upande wa pili nikabonyeza kitufe cha kuwashia, kimya. Kwenye dashibodi maandishi ya Kijapani. Nyuma yangu magari yanapiga honi, lori la samaki likiwa la kwanza. Nikampigia fundi wangu wa Nyakato.

"Dada, betri ya ufunguo imeisha hiyo. Kanyaga breki. Chukua ufunguo, upande wenye nembo gusisha kwenye kile kitufe. Ukisikia mlio, bonyeza."

Likawaka. Ndani ya ufunguo huo kumbe kuna pia ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango, unachomoka ukisukuma kifungo pembeni. Fundi alinieleza pia kwa nini betri iliisha mapema: nyumbani nilikuwa nauning'iniza dirishani, hatua mbili kutoka kwenye gari, na vitu hivyo viwili vilikuwa vinaongea usiku kucha. Sasa unalala chumbani. Nikisafiri siku kadhaa bila gari, kwenye ufunguo nashikilia kitufe cha kufunga huku nikibonyeza cha kufungua mara 2, kitaa kinameta mara 4, na ufunguo unapumzika.

Gari lilikuja na ufunguo mmoja tu. Kutengeneza wa pili ukiwa na wa kwanza mkononi nimeambiwa 300,000. Ukiwa umepoteza wote, fundi ana kazi ya kuingia kwenye kompyuta ya gari, na bei haina mwisho. Nimeshalipa nusu, nauchukua Jumamosi, na wa pili huo utakaa kwa mama Sengerema.