Nyumba ya wageni Mji Mkongwe: ghorofa tatu, hali tatu za hewa

Anayetaka kulipia chumba katika nyumba hii ya ghorofa tatu, hasa wakati wa kaskazi, aulize kwanza chumba chenyewe kiko ghorofa gani. Chini, ambako kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huchelewa kupokea joto la mchana, na ua wa kati huipa hewa moto njia ya kupanda, mtu hulala vizuri bila ya kuwasha feni. Ghorofa ya kati inastahamilika. Juu kabisa vyumba vimeongezwa kwa matofali membamba na kuezekwa mabati bila ya dari, na bati linalopigwa jua tangu asubuhi humwaga joto kitandani mchana kutwa, hata chumba kikabaki na joto baada ya sala ya isha. Kiyoyozi kipo, lakini hewa yake baridi, kwa kuwa ni nzito, hupenya chini ya mlango na kuteremkia ngazini, ikaburudisha ukumbi ambao haukuwa na shida yoyote. Mhudumu, kijana mwenye adabu, alinambia, “Stahamili bwana, usiku utapoa”, haukupoa. Kwa maoni yangu, dari ya mbao na matundu ya kutolea hewa chini ya paa vingefaa kuliko kiyoyozi cha pili wanachokusudia kukiweka. Bei ni moja kwa vyumba vyote, jambo ambalo si la haki hata kidogo. Mkate wa ufuta wa asubuhi, lakini, hauna dosari. Ombeni chumba cha chini chenye dirisha la uani, bahari hamtaiona.