Darasa la jioni la mbinu za kihesabu, Area C, Dodoma

Nimesoma hapa miezi mitatu nikijiandaa na mtihani wa ngazi ya kwanza wa CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa fedha na uwekezaji, na sehemu ya thamani ya fedha kwa wakati imefundishwa vizuri mno. Shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, ikijumlishwa kila mwaka, hufikia 1,210,000 baada ya miaka 2, na kila mmoja wetu alitakiwa aeleze kwa maneno yake zile 10,000 zinazozidi 1,200,000 za riba isiyojumlishwa zimetoka wapi. Kikokotoo, yaani mashine ya kupigia hesabu, tulifundishwa kukifuta kabla ya kila swali, kwa kuwa hutunza tarakimu za swali lililopita. Upimaji wa nadharia tete, yaani kupima kwa takwimu kama dai lina ushahidi wa kutosha, kwa bahati mbaya ulipitiwa harakaharaka jioni moja tu.