Sindano za kila aina kwa soksi moja: uzoefu wangu wa kufuma mviringo mdogo

Kilichonipeleka dukani ni ngazi. Ukifuma soksi kwa sindano za ncha mbili, pale sindano moja inapokwisha na nyingine kuanza, uzi hulegea kidogo. Mzunguko wa kwanza huoni kitu. Kufikia wa ishirini, ule ulegevu umeshapanda wima kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, na ukiivaa soksi ngozi inachungulia. Soksi yangu ya kwanza ilikuwa na ngazi nne, moja kila kona. Nikaamua kosa ni la sindano, si langu. Nikaanza kununua.

Shangazi yangu, ambaye alianza kufuma kabla sijazaliwa na hadi leo anatumia seti moja ya chuma iliyokwisha kupinda, alinikuta nikifungua kifurushi cha tatu. Alinitazama, akasema, "Mchagua jembe si mkulima, mwanangu," akaendelea na kisigino chake. Sikumjibu. Sasa nina jibu, ila ni refu.

Soksi ninayoizungumzia ni ya kawaida kabisa: vitanzi 64, uzi mwembamba wa soksi, sindano ya milimita 2.25. Mkono wangu hutoa vitanzi 32 kwa sentimita 10, kwa hiyo mzingo wake ni sentimita 20. Sindano ya duara, yaani ncha mbili zilizounganishwa kwa waya, ambayo wengi wetu tunayo nyumbani, ile ya kofia, ina sentimita 40 kutoka ncha hadi ncha. Vitanzi vya sentimita 20 huwezi kuvizungusha humo hata uvivute vipi. Ukielewa hilo, umeelewa kwa nini kuna sindano za namna nyingi hivi: zote ni njia za kuzunguka kitu ambacho ni kidogo kuliko chombo chenyewe.

Seti yangu ya kwanza ilikuwa ya mianzi, sindano tano za sentimita 15. Nne zinabeba vitanzi 16 kila moja, ya tano inafanya kazi. Mizunguko mitatu minne ya mwanzo ni kama kumshika nungunungu: kila unapogusa pana ncha, na zile sindano tatu ambazo huzitumii kwa wakati huo zinajigeuza zinavyotaka. Soksi ikishafika sentimita 2 au 3 kitambaa kinazishika zote na mkono unatulia. Mianzi ina sifa moja ambayo sikuithamini mpaka nilipoikosa: haitelezi. Unaweza kuitupa kazi kwenye mkoba, ukarudi ukakuta kila kitanzi mahali pake. Ubaya wake ni kwamba kwa unene wa milimita 2.25 inapinda, na ukiikalia kwenye kochi inavunjika. Mlio wake naukumbuka. Nikabaki na nne, ambazo bado zinatosha kufumia, tatu zikibeba na moja ikifanya kazi, lakini hesabu za kisigino zinaharibika kwa sababu 64 haigawanyiki kwa tatu.

Nikahamia kwenye chuma, tena katikati ya jozi, na hapo nilifanya kosa ambalo ningependa wewe usilirudie. Soksi ya kushoto niliifuma kwa mianzi, ya kulia kwa chuma. Unene ule ule, uzi ule ule, mkono ule ule. Lakini juu ya chuma uzi unateleza, nami bila kujua nikawa nafuma kwa kulegeza: vitanzi 30 kwa sentimita 10 badala ya 32. Sikiliza inavyoonekana ndogo. Kwa vitanzi 64 ni tofauti ya zaidi ya sentimita moja ya mzingo, na soksi ya kulia ikawa inashuka kifundoni kila nikitembea. Tangu siku ile, nikibadilisha aina ya sindano nafuma kipande cha kupimia upya, na nakifuma kwa kuzunguka, si kwa kwenda na kurudi. Ukirudi unafuma kinyume, na mikono mingi hulegeza vitanzi vya kinyume, kwa hiyo kipande cha bapa kinakudanganya.

Sindano za chuma zina haraka yake, siwezi kukataa. Lakini zilinitoka. Nilisimama kumfungulia mtu mlango, sindano ikadondoka sakafuni peke yake, bila soksi, na vitanzi 16 vikabaki wazi vinaniangalia. Baadaye nilijaribu za nyuzi za kaboni, nyepesi na ngumu kuvunja, ambazo kwa mkono wangu zinakaa katikati ya mianzi na chuma kwa utelezi. Zingekuwa ndizo zangu kama si rangi. Ni nyeusi, nami hufuma usiku, na nilikuwa na uzi wa bluu iliyokoza.

Ngazi zilikuwa bado zipo, kwenye zote tatu.

Ndipo nikakutana na sindano fupi ya duara, ya sentimita 23. Hii unazunguka tu. Hakuna kona, hakuna sindano ya kubadilisha, kwa hiyo hakuna ngazi, maana hakuna pa kuziweka. Kitambaa kinavutika kidogo kukidhi tofauti kati ya 20 na 23, na kifundo chote cha soksi nilikimaliza jioni mbili huku nikiongea na watu. Nilidhani safari imekwisha. Siku ya tatu kidole gumba cha kulia kikafa ganzi. Ili duara iwe fupi hivyo lazima ncha nazo ziwe fupi, zangu zilikuwa kama sentimita 5, na badala ya kiganja kushika sindano, unaishika kwa ncha za vidole vitatu muda wote. Wenye mikono midogo wananiambia hawasikii kitu. Mimi nasikia. Halafu ukifika kwenye vidole vya mguu, vitanzi vinapungua, 56, 48, 40, na duara haipungui. Lazima uhamie kwenye chombo kingine kumalizia. Ukinunua hii, basi jua umenunua nusu.

Iliyofuata ni mbinu ya waya mrefu, ambayo wafumaji wengi wanaiita majiki lupu. Unatumia sindano moja ya duara ya sentimita 80, au 100 ukitaka kufuma soksi mbili kwa pamoja. Vitanzi 64 unavigawa nusu kwa nusu, na katikati yake unauvuta waya utoke nje kama sikio. Nusu ya mbele iko kwenye ncha, ya nyuma imelala kwenye waya. Unaivuta ncha ya nyuma, unafuma nusu ya mbele, unageuza kazi, unavuta tena. Sarah Hauschka ndiye anayetajwa kuibuni, na ilienea baada ya Bev Galeskas wa Marekani kuichapisha kwenye kijitabu mwaka 2002. Ukilinganisha na ufumaji wenyewe ni mbinu changa. Kuna mchoro wa kanisani wa Mjerumani Master Bertram, wa karibu mwaka 1400, unaomwonyesha Bikira Maria akimalizia shingo ya vazi kwa sindano za ncha mbili.

Kuhusu waya mrefu naomba nikae kidogo, kwa sababu watu wengi wanaoichukia mbinu hii wanachukia waya waliouziwa. Wangu wa kwanza ulikuwa wa plastiki ngumu, ulikuja umejikunja kwenye pakiti na ukataka kubaki hivyo hivyo. Kila nilipouvuta ulirudi na kunipiga kwenye kifundo cha mkono. Nikauchovya kwenye maji ya moto dakika moja, nikaunyoosha ukiwa bado na joto, ukatii kwa wiki moja hivi. Ila tatizo kubwa lilikuwa pale waya unapoungana na sindano. Kwa jicho ni pamoja. Kwa ukucha, pana kijingazi kidogo, unene wa uzi wa kushonea, na vitanzi 32 vyote vilikuwa vinasimama hapo kimoja kimoja kama watu kwenye mlango mwembamba, nami navisukuma kwa kucha. Mara mbili kila mzunguko. Nilikaribia kuacha.

Sindano ya pili ya aina hiyo hiyo, chuma chenye waya laini usiojikunja, ilinionyesha kwamba mbinu haikuwa na kosa. Kwa hiyo kama uko dukani na pakiti inafunguka, pitisha ukucha taratibu kutoka kwenye waya kuja kwenye ncha. Ukisikia kijingazi, rudisha. Na usome milimita, usisome namba. Namba za zamani za Kiingereza zinahesabu kinyume, namba 13 ndiyo milimita 2.25 na namba 10 ni 3.25, wakati kwa Wamarekani 2.25 ni namba 1. Wapo wanaoandika namba 1 kwenye sindano ya 2.5 pia. Robo milimita kwenye soksi si kitu cha kupuuza, umeshaona hesabu yangu ya juu.

Nilijaribu pia sindano mbili za duara kwa pamoja, mbinu aliyoieneza Cat Bordhi mwaka 2001, ambapo kila sindano inabeba nusu ya soksi na kujifumia nusu yake yenyewe. Inafanya kazi vizuri, na soksi unaweza kuijaribu mguuni wakati wowote. Mimi nilichukua ncha isiyo yake, nikafuma nusu nzima, na nikajikuta na vitanzi vyote 64 kwenye sindano moja na nyingine ikining'inia tupu. Tumia mbili za rangi tofauti. Zile ncha mbili zisizo na kazi zinagongana mezani bila kukoma, na mwenzangu aliyekuwa akitazama mpira aliniomba nihamie chumba kingine.

Na zile tatu fupi zenye kiuno kinachopinda, mbili zinabeba na ya tatu inafuma? Nzuri. Kona mbili tu badala ya nne. Kwa mkono wa sweta ya mtu mzima zilinijaa. Sina zaidi.

Sasa hesabu ngazi. Ncha mbili: nne. Waya mrefu: mbili. Duara mbili: mbili. Tatu fupi: mbili. Nilikuwa nimezipunguza idadi kwa kununua, sikuwa nimezitibu. Nikamwonyesha Shangazi. Hakuiangalia soksi. Aliniangalia mikono.

"Ukifika kona unavuta kitanzi gani?"

"Cha kwanza. Navuta kwa nguvu kabisa."

"Ndiyo maana. Fuma cha kwanza kawaida, weka ncha kwenye cha pili, ndipo uvute."

Nilijaribu mbele yake. Ukivuta kitanzi cha kwanza, kinakaza. Lakini unapopeleka sindano kufuma cha pili, uzi unarudi na kukilegeza upya, kazi yako bure. Ukingoja hadi ncha imeingia kwenye cha pili, kile cha kwanza kimeshafungwa na hakina pa kurudi. Hakuna nguvu yoyote inayohitajika. Alinionyesha na jambo lingine: kila baada ya mizunguko michache nihamishe vitanzi viwili kutoka sindano inayofuata, ili kona isikae mahali pamoja na ulegevu usipate pa kujijenga. Hilo kwenye ncha mbili ni rahisi, kwenye waya mrefu linahitaji alama ya kuonyesha mwanzo wa mzunguko, la sivyo unapotea.

Nilirudi kwenye mianzi yangu minne. Hakuna ngazi. Nikazifua zile soksi za zamani nikazivuta kila upande zikiwa na maji, na ngazi zake zikafifia, ingawa aliyezifuma bado anajua zilipo.

Je, jembe halina maana, basi? Hapana, na hapa namkatalia Shangazi. Sindano haikunipa ngazi, lakini ilinipa ganzi ya kidole, ilinidondoshea vitanzi 16 na ilinipa soksi mbili za saizi mbili. Leo soksi nafuma kwa waya mrefu wa sentimita 80, ule laini, kwa sababu haudondoki na unaingia mkobani bila kutoboa kitu. Kofia naianza kwa duara ya sentimita 40, na utosini vitanzi vinapokuwa vichache nahamia kwenye huo huo waya mrefu. Mikono ya sweta vilevile, maana kuzungusha sweta nzima nzito juu ya sindano tano ni adhabu. Lakini kidole gumba cha glavu, vitanzi 18 tu, nakifuma kwa ncha mbili fupi za sentimita 10. Kwa waya mrefu unafuma vitanzi 9, unavuta, vitanzi 9, unavuta. Mwisho wa siku umevuta zaidi ya ulivyofuma.

Kwa anayeanza ningesema anunue hiyo moja ya sentimita 80 yenye waya laini na seti moja ya ncha mbili za mianzi, na aache makasha ya sindano ishirini mpaka ajue mkono wake unapenda nini. Mimi nina kasha kama hilo. Nimetumia sindano tatu.

Ile ya 80 ya kwanza niliyoipenda, chuma, milimita 2.25, kwa sasa sinayo. Shangazi aliomba kuiangalia siku moja, akaniuliza waya unavutwa wapi, akafuma mizunguko miwili bila kusema neno. Nilipompigia juzi kumwulizia, alisema anamalizia kisigino.