Ripoti ya Athari ya Kitaaluma kwa Shilingi 3,500: Tathmini ya Huduma Moja Katikati ya Jiji

Kamati ya kupandisha vyeo ilipotaka kila mwombaji aambatishe ushahidi wa jinsi kazi zake zinavyorejelewa na watafiti wengine, nilikuwa na wiki mbili tu na rundo la mitihani isiyosahihishwa. Mwenzangu mmoja alinielekeza kwenye afisi ndogo iliyo ghorofa ya tatu ya jengo la zamani karibu na Barabara ya Koinange jijini Nairobi, ambako vijana watatu huwaandalia wahadhiri kile wanachokiita ripoti ya athari ya kitaaluma. Bei ni shilingi 3,500, nusu yake hulipwa kwa M-Pesa kabla ya kazi kuanza, na ripoti huahidiwa baada ya siku tatu. Yangu ilichukua siku tano.

Ripoti ina kurasa 14 zilizochapishwa kwa unadhifu, ingawa wanakamati, kwa jinsi ninavyowafahamu, hufungua ukurasa wa tatu na kuishia hapo. Hapo ndipo panapoonyeshwa jumla ya marejeleo, idadi ya makala zilizorejelewa angalau mara 10, na fahirisi ya h, ambayo mwanafizikia Jorge Hirsch aliipendekeza mwaka 2005. Kuikokotoa hakuhitaji mtaalamu: unazipanga makala zako kuanzia iliyorejelewa zaidi, kisha unashuka hadi pale ambapo nafasi ya makala katika orodha inaizidi idadi ya marejeleo yake; nafasi ya mwisho kabla ya hapo ndiyo h yako. Orodha yangu ilisomeka 61, 34, 19, 12, 9, 7, 7, 6, 4 na kuendelea. Kwa kuwa makala ya saba ilikuwa na marejeleo 7 na ya nane ilikuwa na 6, h yangu ikawa 7.

Ila makala ile ya marejeleo 61 haikuwa yangu. Ilihusu ugonjwa wa mahindi, nami sijawahi kufundisha kitu kingine isipokuwa isimu ya Kiswahili. Kijana aliyenihudumia alikuwa ametafuta kwa jina la ukoo na herufi ya kwanza tu, na jina langu ni la kawaida mno kwetu Bungoma.

“Lakini Daktari, hii ndiyo inayokubeba,” aliniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba nimekataa zawadi.

“Hata kama inanibeba, ina mwenyewe. Iondoe.”

Aliiondoa mbele ya macho yangu. Jumla ikashuka kutoka 168 hadi 107, makala zenye marejeleo 10 na zaidi zikabaki 3 badala ya 4, lakini h ikateremka kwa moja tu, kutoka 7 hadi 6, kwa sababu fahirisi hii haijali makala inayoongoza imeongoza kwa kiasi gani. Mtafiti aliyeandika kazi moja iliyobadilisha uga mzima hupunjwa na hesabu hiyo, ilhali anayeandika makala nyingi za wastani hunufaika nayo. Kwa haki, sehemu ya lawama ni yangu: nina nambari ya ORCID yenye tarakimu 16, iliyobuniwa hasa ili kutofautisha watafiti wenye majina yanayofanana, na sikuwapa. Wao nao hawakuniuliza.

Kasoro ya pili haikuwa ya afisi. Ripoti inaweka safu mbili za hifadhidata zinazohesabu marejeleo ya kitaaluma, moja ya Google Scholar na nyingine ya Scopus, na katika safu ya pili nilionekana kama mtu aliyeandika makala nne maishani. Scopus huteua majarida kabla ya kuyaingiza, na majarida mengi yanayochapisha kwa Kiswahili hayamo. Google Scholar huvua kwa wavu mpana zaidi, hadi tasnifu zilizowekwa kwenye hazina za mtandaoni za vyuo vikuu, ndiyo maana hesabu zake huwa kubwa na ndiyo maana pia huchanganya uchafu na samaki. Hata hivyo, wavu huo haufiki kwenye tasnifu zilizobaki kwenye rafu pekee, na huko ndiko kitabu changu cha mofolojia kinakorejelewa zaidi.

Kilichonifurahisha kweli ni ramani ya ushirikiano. Wanaichora kwa VOSviewer, programu ya bure iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Leiden nchini Uholanzi na Nees Jan van Eck na Ludo Waltman. Kila mwandishi ni duara, kila uandishi wa pamoja ni mstari. Ramani ya kwanza ilinionyesha nikiwa pembeni mwa kichaka kizito cha watu ambao wengi wao sijawahi kuonana nao, kwa sababu niliwahi kutafsiri dodoso la utafiti wa afya ambao makala yake ina waandishi 38. Makala hiyo moja huzaa mistari 703. Mwenzangu wa Dar es Salaam, ambaye nimeandika naye makala sita, alisukumwa kwenye kona. Nilipoomba watumie hesabu ya mgawanyo, ambapo uzito wa makala hugawanywa kwa waandishi wake, walielewa mara moja, wakaichora upya bila malipo, na kichaka kikafifia hadi uzi wangu na wa Dar es Salaam ukaonekana wazi.

Anayetaka takwimu peke yake asilipe shilingi 3,500. Ukurasa wa mtafiti kwenye Google Scholar hufunguliwa bure, na kuondoa makala zisizo zako ni kazi ya nusu saa. Mimi ningerudi kwa sababu ya ramani, na ningekwenda na ORCID yangu mkononi.

Niliomba pia ukurasa wa kazi zangu za Kiswahili ambazo hazimo katika hifadhidata yoyote. Kijana alijibu kwa adabu kwamba kiolezo chao hakina nafasi hiyo. Niliuchapa mwenyewe nyumbani, nikaubana kwa pini nyuma ya ukurasa wa 14, na hivyo ndivyo ripoti ilivyofika kwenye kamati.