Bujora, siku mama yangu alipokimbilia ngoma

Mimi ni Msukuma wa Dar es Salaam. Jina ninalo, lugha naielewa kuliko ninavyoiongea, na binti yangu wa miaka 9 alikuwa anajua neno moja tu, wabeja, yaani asante, kwa sababu bibi yake hampi kitu mpaka alitamke. Juni iliyopita niliwachukua wote wawili tukaenda Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, kwenye Makumbusho ya Wasukuma kule Bujora, karibu na Mwanza. Kila anayeziona picha zangu ananiuliza kama panafaa kwenda na familia. Panafaa sana, na nitaeleza kwa nini.

Kufika si kazi. Kutoka Mwanza mjini unashika barabara ya Musoma hadi Kisesa, kama kilomita 20 hivi, halafu bodaboda inakupandisha Bujora. Juni ni kiangazi na mavuno yameshaingia ndani, ndiyo maana watu wana nafasi ya kucheza. Vumbi lipo, jua lipo. Bebeni maji na kofia, na mzee mbebeeni kigoda chake.

Makumbusho haya aliyaanzisha Padri David Clement, Mkanada, akishirikiana na Wasukuma wenyewe kuanzia miaka ya 1950. Bulabo kwa Kisukuma ni maua, na sherehe inakwenda pamoja na sikukuu ya Ekaristi: asubuhi misa na maandamano, baadaye mbina. Mbina ndiyo ngoma, mchezo, mashindano, vyote kwa pamoja. Kabla ya uwanja kuchangamka tulizunguka ndani. Ngoma za watemi ndizo zilizomsimamisha mama. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, naye alikuwa mtoto, lakini alisimama mbele ya zile ngoma mikono nyuma, kama mtu aliyeingia nyumba ya wakwe. Mjukuu akataka kugusa. Mama akamshika kiganja, akamwambia taratibu, "Hii haikupigwa na kila mtu."

Sasa uwanjani. Wasukuma wana pande mbili za ngoma, Bagika na Bagalu, zilizotokana na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa wakishindana ufundi na dawa. Hawapokezani zamu. Wanacheza kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake, na kwa desturi anayevuta watu wengi zaidi ndiye aliyeshinda. Yaani wewe uliyekuja kutazama ndiye unayehesabiwa. Ukihama, umempunguzia mtu. Sijawahi kuona onyesho linalomhitaji mtazamaji kiasi hicho.

Niliwahi kumpeleka binti yangu kuona ngoma kwenye hoteli moja ya ufukweni. Vijana walicheza vizuri kweli, lakini watu walikuwa wanakula, na makofi yakapigwa kwa adabu baada ya kila wimbo. Mtoto aliniuliza tutaondoka saa ngapi. Bujora hakuuliza.

Tulianza upande uliokuwa unacheza bugobogobo, ngoma ya majembe. Asili yake ni kilimo cha pamoja: ngoma inapigwa, mstari wa watu unalima kwa mdundo, na anayechoka anabebwa na wimbo. Kijana mmoja alikuwa karibu yetu kiasi kwamba niliona mpini wa jembe lake ulivyong'aa kwa kushikwa, mweusi pale kiganja kinapokaa. Akalirusha juu, likageuka mara mbili hewani, akalidaka bila kuliangalia, macho yake yakiwa kwa binti yangu. Mtoto alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwake.

Mara upande wa pili kukawa na vurumai. Mtu katoa chatu. Umati ukageuka wote kwa pamoja, na kabla sijamshika mama, mama kaenda. Ana goti bovu, ngazi za nyumbani anapanda kwa kushikilia ukuta, lakini siku ile alikimbia, khanga mkononi, akipita katikati ya watu. Nilipomfikia alikuwa anahema na kucheka. "Baba yangu alikuwa Bagika," akaniambia. "Nimesikia ile ngoma, miguu ikaenda yenyewe." Miaka 43 ni mtoto wake na sikuwa nalijua hilo.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika kwetu. Bibi mmoja pembeni akatusalimia, "Mwadila," mama akaitikia, akaulizwa ukoo, kijiji, na baba yake alichezea upande gani. Dakika chache baadaye walikuwa wanatajiana watu waliokufa zamani. Jirani yetu mwingine alikuwa Mkurya wa Tarime, fundi wa magari Kisesa, naye akaulizwa vilevile: "Wewe uko wapi leo?" Akajibu Bagalu, kwa sababu ndiko mke wake alikosimama. Wakamkubalia na kumzomea papo hapo.

Nimewahi kwenda sherehe nyingi za kabila langu mjini, za pilau, sare na hotuba, nikarudi nyumbani mgeni kama nilivyokwenda. Hapa hakuna aliyenipima Kisukuma changu. Nilitakiwa kuchagua pa kusimama, nikasimama, basi nikawa mtu wao kwa mchana ule.

Ushauri mmoja: msiende kwa haraka ya picha. Kaeni mpaka jioni, wageni wanapopungua na wanaobaki ni wenye ngoma yao. Ndipo binti yangu alipoitwa uwanjani, akapewa jembe dogo lenye mpini mfupi. Alilirusha likaanguka. Akaliokota, akarusha tena. Tulipopanda gari kurudi Mwanza alikuwa na lengelenge kwenye kiganja cha kulia, na akamwambia bibi yake kwamba mwakani yeye atakuwa Bagalu. Mama hakusema naye mpaka Igoma.