Maji ya kibandani, Maji ya Chai: nimeyanywa miaka mitano

Nakaa Maji ya Chai, wilaya ya Meru, kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi. Mgeni akisikia jina la kwetu anacheka, halafu anatutazama meno anaacha kucheka. Yangu ni ya kahawia tangu yalipoota. Mawili ya mbele yana vishimo ambavyo ulimi unavisikia kila nikinyamaza. Kwenye kitambulisho cha taifa nimefunga mdomo, na kwenye picha za harusi yangu pia. Nimeanza na meno ili msomaji ajue, ninaposema maji haya yamenifaa, napima kwa kipimo gani.

Ninayoyaandikia ni maji ya kununua kwa ndoo ya lita 20, kwenye kibanda kinachochuja kwa kichujio kiitwacho Nanofilter. Nina mgahawa mdogo wa chai na maandazi, kwa hiyo ukijumlisha na matumizi ya nyumbani nachukua ndoo nne kwa siku, tangu 2019.

Tatizo letu ni floraidi, na inatoka mlimani. Mlima Meru ni volkano, maji yanapita kwenye miamba yake na majivu yake ya zamani, yanafika kwetu yameshabeba madini hayo. Shirika la Afya Duniani linasema yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji mengi ya huku yanapita hapo mbali. Yakizidi, mtoto ambaye meno yake bado yanajijenga ndani ya ufizi anaharibikiwa kabla hata hayajatoka, na yakizidi sana kwa miaka mingi yanaingia kwenye mifupa. Wenye miguu iliyopinda tunao, tumesoma nao.

Mama yangu alichemsha maji kila siku ya maisha yake. Kwa kuhara alitukinga kweli. Lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki sufuriani, na mnayokunywa ni makali kuliko ya bomba. Hakuna aliyemwambia. Baadaye tulisikia habari za mkaa wa mifupa ya ng'ombe wa kuchujia floraidi, utafiti wa kituo cha Ngurdoto hapa jirani, na ni njia inayofanya kazi. Ila mkaa huo unachoka, na ukishachoka bila kubadilishwa unakuwa umeweka ndoo ya mapambo jikoni.

Kabla ya kibanda hiki nilinunua maji ya machupa makubwa kwa muuzaji mmoja, yenye kizibo kilichofungwa kwa plastiki. Miezi saba. Siku moja nilifika mapema nikamkuta kijana uani anayajaza kwa mpira wa bomba, vizibo vipya viko kwenye beseni pembeni. Sikugombana. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani nikalia, kwa sababu miezi yote ile nilikuwa namnywesha mtoto nikijua namlinda.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalolisifu kwenye kibanda hiki ni kwamba naona. Maji yanaingia kwenye tangi la mchanga kwanza. Mchanga unazuia taka na vijidudu, hiyo ni mbinu ya zamani. Mchanga peke yake hauwezi floraidi, kwa hiyo maji yanapita tena kwenye kichujio chenye chembechembe za nano, ndogo kiasi ambacho jicho halizioni, na hizo ndizo zinazokamata madini. Kijana wa kibandani alinifungulia nikatazama. Ukutani kuna karatasi ya kipimo cha maabara yenye tarehe, namba ya floraidi iko chini ya 1.5. Mimi sisomi kemia, lakini tarehe naisoma.

Aliyebuni kichujio hiki ni Dakta Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali, Karatu, mhandisi wa kemikali katika Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha. Kikubwa alichofanya ni kwamba kichujio kinapangwa kulingana na maji ya mahali: kwenye floraidi kinawekewa cha kukamata floraidi, kwenye madini mengine kinawekewa kingine. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Ndiyo kwanza ilikuwa inatolewa, na mshindi wa kwanza kabisa akawa Mtanzania, kwa pauni 25,000.

Nilipoisikia redioni nilifurahi kama ndugu yangu ameoa. Nilivyozidi kufuatilia nikaona fedha si ndiyo kubwa. Wanaoteuliwa wanafundishwa kwa miezi biashara yenyewe: kupanga bei, kutafuta mteja, kuendesha kampuni. Naona hapo ndipo waandaaji walipoelewa. Kichujio cha kaya moja wakati ule kilikuwa kama dola 130, na kwetu hakuna anayetoa fedha hiyo kwa mkupuo. Njia iliyotufikia ni ya vibanda: mmoja anamiliki chujio, mtaa mzima unanunua kwa ndoo. Mimi nalipa shilingi 500. Nimeshaona visima vya msaada vilivyozinduliwa kwa ngoma vikafa pampu ilipoharibika. Kibanda kina mtu anayekula kwa kibanda, hivyo kikiharibika leo kesho kinatengenezwa.

Tuzo yenyewe bado inaendelea. Mwaka 2022 aliichukua Norah Magero wa Kenya kwa jokofu la chanjo linalotumia jua, na 2024 Esther Kimani, naye Mkenya, kwa kifaa kinachogundua wadudu na magonjwa shambani. Safari hiyo kitita kilikuwa pauni 50,000. Majina haya nawasomea wanangu.

Sasa kasoro, maana zipo. Maji yanatoka polepole. Mchanga hauna haraka, na ukifika saa mbili asubuhi unakuta madumu kumi mbele yako. Mimi nafika saa kumi na mbili na nusu. "Shikamoo mama, leo ngapi?" "Marahaba mwanangu, nne." Namaliza kabla ya chai ya kwanza. Pili, chembechembe za kichujio nazo zinajaa, kama ule mkaa wa mifupa, lazima zibadilishwe. Kwa hiyo popote utakaponunua, usiulize kama ni Nanofilter tu. Uliza mara ya mwisho ilibadilishwa lini na uonyeshwe karatasi. Tatu, mtoto anashinda shule, na kule anakunywa bomba. Wangu anakwenda na chupa yake, mwalimu wake namshukuru kwa kumkumbusha.

Ladha ni safi, haina ile chumvichumvi ya bomba. Wateja hawajawahi kulalamika.

Lakini lililonifanya niandike ni jino. Binti yangu wa kwanza ana meno kama yangu. Kitinda mimba alikuwa na miaka miwili nilipoanza kununua hapa. Mwaka huu ametimiza saba, meno ya ukubwani ya mbele yametoka mawili. Nilimkalisha mlangoni kwenye mwanga, nikamwambia acha mdomo wazi, nikawasha na tochi ya simu. Meupe. Kwenye moja kuna mstari mdogo kama wa chaki, karibu na ncha ya jino, wa maji aliyokunywa kabla. Dada yake alikuja akatazama naye, kisha akaingia ndani bila kusema kitu. Huyo nina deni naye.

Jambo moja kichujio hakiwezi, na nililijua kwa kuchelewa: magadi. Sisi makande na maharage tunayatia magadi yalainike haraka, na magadi nayo yana floraidi, mengine nyingi sana, inategemea yamechimbwa wapi. Unaweza kununua ndoo safi ya shilingi 500 ukairudishia sumu kwa kijiko. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyeniambia, nikayatoa jikoni siku ileile. Sasa naloweka maharage usiku, na bado makande yananikalia jikoni saa nzima zaidi, mkaa unakwenda. Mume wangu anasema siyo laini kama ya mama yake. Ni kweli, siyo laini. Tunayala hivyohivyo.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaiweka mchanga ukipata tangi la pili.